Tiketi za baada ya saa sita usiku zinaingia jana: je, niongeze tu saa tatu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeandika programu ya kukatia tiketi kwa ofisi moja ya mabasi yanayotoka Stendi ya Magufuli, Mbezi. Ni Laravel (fremu ya kuandikia programu kwa PHP) na MySQL (kanzidata), na seva tumekodi Ulaya. Tiketi zinazokatwa baada ya saa sita usiku zinaingia kwenye ripoti ya jana, na kila asubuhi mhasibu ananipigia simu. Tarehe za kuzaliwa za abiria zinarudi nyuma siku moja. Halafu wiki iliyopita abiria alifika saa sita mchana akiwa na tiketi iliyoandikwa 12:00, kumbe basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimalize kazi kwa kuongeza saa tatu kila mahali? – Msomaji, Kimara

Jibu: Usiongeze, ndugu yangu. Saa tatu za kubandika kwa mkono ndiyo dawa ya kwanza inayomjia kila anayeandika programu Dar es Salaam huku seva yake iko ng'ambo, na kwa wiki mbili huonekana imeponya. Kisha siku moja anayetunza seva anaiweka kwenye saa za Tanzania, kwa nia njema kabisa, na tiketi ya saa 2 usiku inaanza kusomeka saa 5 usiku kwa sababu sasa saa tatu zimeongezwa mara mbili. Kibaya zaidi, ukifungua jedwali huwezi tena kujua rekodi ipi iliongezwa na ipi haikuongezwa. Zote zina sura moja.

Shida zako tatu zinafanana kwa dalili tu. Chanzo ni kwamba programu yako inaita "wakati" vitu vitatu ambavyo havina undugu. Kuna tukio: ile nukta fedha ilipopokelewa, ambayo ni moja tu kwa dunia nzima, uwe Mbezi au Tokyo. Kuna tarehe tupu: aliyezaliwa Temeke tarehe 12 Mei 1990 hana saa wala eneo kwenye tarehe hiyo, na hata akihamia London inabaki 12 Mei. Na kuna saa ya ratiba: "basi linaondoka Mbezi saa 12 asubuhi" ni ahadi iliyofungwa kwenye saa ya ukutani ya mahali fulani. Tukio hifadhi kwa UTC, saa ya rejea ya dunia inayofuata Greenwich. Tarehe tupu ihifadhi kwenye safu ya aina ya DATE na usiiguse. Saa ya ratiba ihifadhi kama saa ya mahali hapo pamoja na jina la eneo lake. Ukichanganya hivyo vitatu, hakuna hesabu ya kuongeza au kutoa itakayokuokoa.

Tuanze na mhasibu, maana ndiye anayepiga simu.

Dar es Salaam iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima. Sisi hatusogezi saa msimu wowote. Tiketi iliyokatwa saa 6:30 usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2025, yaani 00:30, kwa UTC ni 21:30 ya tarehe 28 Februari. Laravel usipoibadilisha huandika UTC, na ndivyo inavyotakiwa. Ripoti yako, kwa maelezo uliyotoa, itakuwa na kitu kama DATE(created_at), ambapo created_at ni safu inayoshika muda rekodi ilipoingia. Hapo unauliza siku ya Greenwich wakati mhasibu anataka siku ya Mbezi. Kila tiketi ya kuanzia saa 6 usiku hadi kabla ya saa 9 usiku inahesabiwa jana, na ikiwa ni tarehe mosi inahesabiwa mwezi uliopita. Data yenyewe haina kosa, swali ndilo lililokosewa. Tafuta mipaka ya siku kwa saa za Dar, kisha igeuze mipaka hiyo kuwa UTC:

```php
$dar = new DateTimeZone('Africa/Dar_es_Salaam');
$utc = new DateTimeZone('UTC');
$mwanzo = new DateTimeImmutable('2025-03-01 00:00:00', $dar);
$mwisho = $mwanzo->modify('+1 day');
$kuanzia = $mwanzo->setTimezone($utc)->format('Y-m-d H:i:s');
$hadi    = $mwisho->setTimezone($utc)->format('Y-m-d H:i:s');
```

Utapata 2025-02-28 21:00:00 na 2025-03-01 21:00:00. Ripoti ichukue rekodi ambazo created_at >= $kuanzia na created_at < $hadi. Angalia alama ya pili: ni "chini ya", haina "au sawa na". Wengi huandika BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31', na MySQL huisoma hiyo tarehe ya pili kuwa 00:00:00, hivyo karibu mauzo yote ya tarehe 31 yanabaki nje. Wengine huziba kwa 23:59:59, wakaacha tundu la sekunde moja siku safu itakapoanza kuhifadhi vipande vya sekunde. Mipaka ukiihesabu nje namna hii, safu haivalishwi kitendo chochote ndani ya WHERE na faharasa yake (index, inayoharakisha utafutaji) inaendelea kufanya kazi. Jedwali likifika rekodi laki kadhaa utaiona faida.

Ukihitaji kupanga mauzo ya mwezi siku kwa siku, tumia DATE(CONVERT_TZ(created_at, '+00:00', '+03:00')). Ukiandika majina ya maeneo badala ya namba, MySQL itakurudishia NULL (yaani hakuna thamani) kimyakimya mpaka majedwali ya maeneo yajazwe kwa mysql_tzinfo_to_sql, na NULL kwenye ripoti ya fedha huonekana kama siku isiyo na mauzo.

Kabla hujagusa ripoti, muulize mhasibu siku yake inaanza saa ngapi. Ofisi yenye mabasi ya usiku huenda inafunga hesabu zamu inapobadilishana, si saa 6 usiku. Kama ndivyo, badilisha 00:00:00 hapo juu iwe saa anayoitaja.

Sasa kuna jambo hukuliuliza, na kwa seva iliyo Ulaya ni zito kuliko simu za mhasibu. Safu za created_at zinazotengenezwa na $table->timestamps() ni za aina ya TIMESTAMP. MySQL inapopokea thamani ya aina hiyo hudhani imeandikwa kwa saa za eneo zilizowekwa kwenye muunganisho wa programu na kanzidata, huigeuza kuwa UTC ndani kwa ndani, na wakati wa kusoma huigeuza tena. DATETIME haigeuzwi, inahifadhi ulichoandika. Endesha hii:

```sql
SELECT @@session.time_zone, @@system_time_zone, NOW(), UTC_TIMESTAMP();
```

Ukiona SYSTEM na NOW() imetofautiana na UTC_TIMESTAMP() kwa saa 1 au 2, basi Laravel inaandika UTC na MySQL inaisoma kama saa za Ujerumani au popote seva ilipo. Siku za kawaida huoni kitu, kwa sababu kosa la kuandika linafutwa na kosa lilelile la kusoma. Lakini Jumapili ya mwisho ya Machi nchi hizo husogeza saa mbele, na saa nzima inapotea: Berlin, tarehe 30 Machi 2025, hapakuwa na 02:00 hadi 02:59. Programu yako ikijaribu kuandika '2025-03-30 02:30:00', ambayo kwa UTC ni halali kabisa, MySQL iliyo katika hali kali (strict mode) inaikataa kwa "Incorrect datetime value". Kwa saa zetu hiyo ni saa 11:30 alfajiri, foleni ya dirishani ikiwa ndefu kuliko saa nyingine yoyote. Tiketi hazikatiki kwa saa moja, na ikifika saa 12 asubuhi mfumo unapona wenyewe, huku kila mtu akilaumu intaneti.

Tiba ni kuongeza 'timezone' => '+00:00' kwenye muunganisho wa mysql ndani ya config/database.php. Ila usiiweke leo na kwenda kulala. Kama seva haikuwa kwenye UTC, rekodi za zamani zitaruka saa 1 au 2 mara tu muunganisho utakapobadilika. Fuata utaratibu huu: chukua nakala ya akiba; simamisha mauzo; kwa muunganisho wa zamani, ongeza safu mpya ya DATETIME na unakili (UPDATE tiketi SET muda_utc = created_at), kwa kuwa kinachosomeka kwa muunganisho huo ndicho Laravel ilichoandika; hakikisha rekodi ishirini hivi kwa macho ukilinganisha na risiti; ndipo ubadilishe muunganisho na kuielekeza programu kwenye safu mpya. Usibadilishe aina ya safu kwa ALTER TABLE kabla ya kujua uko kwenye saa za eneo gani, kwa sababu ALTER nayo hugeuza kwa kufuata muunganisho uliopo.

DATETIME inakuepusha na jambo jingine pia: TIMESTAMP ya MySQL inaishia tarehe 19 Januari 2038, 03:14:07 UTC, yaani saa 12:14 asubuhi kwetu. Mkataba wa basi wa miaka kumi na tano tayari unavuka hapo.

Tarehe za kuzaliwa zina kisa kifupi. Ukitafuta kwenye data inayotoka kwenye kivinjari utakuta kitu kama 1990-05-11T21:00:00.000Z. Popote utakapoona 21:00 kwenye data ya Tanzania, jua ni saa 6 kamili usiku ya Dar iliyovalishwa nguo za Greenwich. Katika JavaScript, new Date(1990, 4, 12) ni saa 6 usiku ya kuanza tarehe 12 Mei kwa saa za kompyuta husika (ndiyo, Mei ni 4, miezi inaanzia 0), na toISOString() inaipeleka UTC, saa 3 nyuma, siku iliyotangulia. Kisha seva inakata herufi kumi za mwanzo na kuhifadhi tarehe 11. Ajabu ni kwamba new Date("1990-05-12") husomwa kama UTC, kwa hiyo fomu moja inaharibu na nyingine haiharibu, na mtu anatafuta kosa mahali lisipo.

Usitengeneze Date kabisa. Kisanduku cha aina ya date kwenye fomu tayari kinatoa maandishi 1990-05-12. Yapeleke hivyohivyo hadi kwenye safu ya DATE. Upande wa Laravel, kama uliwahi kubadilisha app.timezone (mpangilio wa saa za programu) kuwa ya Dar, safu yenye cast (agizo la kugeuza aina ya data) ya 'date' ikigeuzwa JSON inafanya kosa lilelile kwa mlango wa nyuma, andika 'date:Y-m-d'. Na app.timezone irudishe UTC, ila angalia kwanza ilibadilishwa lini, maana rekodi za tukio za kipindi hicho zimeandikwa kwa saa za Dar. Zilizoharibika usizirekebishe zote kwa mkupuo: chagua zilizoingia kupitia fomu mbovu tu, kuanzia tarehe ilipowekwa, na ulinganishe chache na vitambulisho kabla ya kuongeza siku.

Tatizo la tatu halina uhusiano wowote na UTC, na ndilo ambalo hakuna maktaba ya kigeni itakayokusaidia. Karani alisikia "saa kumi na mbili asubuhi", akaandika 12:00. Programu ikaelewa adhuhuri. Abiria, ambaye pengine simu yake ina saa za Kizungu, akaelewa adhuhuri pia. Dereva peke yake ndiye aliyeelewa Kiswahili. Kubadilisha lugha ya programu kuwa Kiswahili hakuondoi tatizo: maktaba za kawaida hutafsiri majina ya siku na miezi, lakini saa huziacha na namba zilezile, na 07:00 haigeuki kuwa saa 1.

Kanzidata ihifadhi saa za 0 hadi 23 na si kingine. Kwenda kwa abiria, hesabu ni ya mstari mmoja ($h ni saa iliyo kwenye kanzidata):

```php
$saa = ($h + 6) % 12 ?: 12;
```

$h ikiwa 6 inatoa 12, 7 inatoa 1, 0 inatoa 6, 20 inatoa 2. Kipindi cha siku kinatokana na $h: 0 hadi 3 usiku, 4 na 5 alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, 19 hadi 23 usiku. Kuna watakaokubishia kwamba 15 ni alasiri. Wana haki yao, na hakuna basi litakaloachwa kwa ubishi huo.

Kurudi nyuma, kutoka maneno ya karani kwenda namba, ndiko kwenye mitego. Zigawe saa katika mafungu mawili. Fungu la mchana linaanza saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, na kanuni yake ni s % 12 + 6, ambapo s ni saa aliyoitaja karani. Fungu la usiku linaanza saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri, na kanuni yake ni (s % 12 + 18) % 24. Hapo saa 6 usiku inakuwa 0, saa 11 alfajiri inakuwa 5, saa 12 jioni inakuwa 18. Neno la kipindi peke yake halitoshi kuchagua fungu: "jioni" yenye 10 au 11 ni ya mchana, lakini yenye 12 au 1 ni ya usiku. "Saa 11 asubuhi" watu wanaisema wakimaanisha alfajiri, hivyo ni 5. Na "saa 10 asubuhi" programu iikatae na kuuliza tena. Huyo ama anaamka kabla ya jogoo, ama anafikiri kwa Kiingereza, na huwezi kujua ni yupi. Kwa kweli, kwenye ofisi ya tiketi usimwachie karani aandike saa kabisa. Mpe orodha ya safari zilizopo achague.

Kwenye tiketi chapisha zote mbili: "Saa 12:00 asubuhi (06:00)". Ukitumia format() ya PHP, dakika ni i. Herufi m ni mwezi, kwa hiyo 'H:m' itachapisha 06:03 kwa safari zote za Machi na 06:04 zote za Aprili. Kosa hili huishi muda mrefu kwa sababu linafanana mno na ukweli.

Saa ikishatengemaa, kuna siku yenyewe. "Basi la Ijumaa saa 9 usiku" ni la lini? Kwa kalenda ya kompyuta 03:00 ya Ijumaa ni usiku ambao abiria wengi wanauita Alhamisi usiku. Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa ndio unaoitangulia Ijumaa. Vijana wa mjini wengi wanasema kinyume. Usijaribu kuamua nani yuko sahihi. Kila safari inayoanza kati ya 00:00 na 05:59 ichapishwe kwa maneno haya: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, 14 Machi 2025, saa 9:00 (03:00)". "Kuamkia" ndilo neno pekee ambalo pande zote mbili wanalielewa sawa.

Kama ofisi inapeleka mabasi nje ya nchi, safu ya ratiba lazima ibebe jina la eneo. Nairobi na Kampala wako pamoja nasi. Zambia, Malawi, Msumbiji, Rwanda, Burundi na Lubumbashi wako UTC+2. Ukivuka Tunduma kwenda Nakonde unarudi nyuma saa moja, na muda wa safari ya Lusaka ukihesabiwa kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika utapungua saa nzima. Hifadhi "06:00, Africa/Dar_es_Salaam" na "14:00 ya siku inayofuata, Africa/Lusaka", kisha geuza zote kuwa UTC unapohesabu muda. Jina linaizidi namba kwa kuwa serikali hubadilisha saa: Sudan Kusini ilihama kutoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021, na aliyekuwa amehifadhi ratiba za Juba za mwezi huo kama UTC tupu alikuta kila kitu kimesogea. Mwenye jina alihitaji kusasisha orodha ya maeneo kwenye seva tu.

Mwisho, saa za simu za mawakala. Muda wa kukata tiketi utoke kwenye seva, usitoke kwenye simu ya wakala: wengine wamezisogeza kwa sababu zao, na aliye Tunduma simu yake inaweza kunasa mtandao wa upande wa pili na kurudi nyuma saa moja. Seva yenyewe ikague kwa timedatectl, amri ya Linux inayoonyesha hali ya saa. Unataka kuona "System clock synchronized: yes". Kwa mauzo yanayofanyika bila intaneti, hifadhi nyakati mbili kwenye safu mbili: ule simu iliosema pamoja na tofauti yake na UTC, na ule seva ilipopokea. Kila simu inaporudi hewani, itume pia saa yake ya wakati huohuo uilinganishe na ya seva. Tofauti ikizidi dakika 5, programu imzuie wakala kufungua mauzo mapya mpaka arekebishe saa, na imwonyeshe saa sahihi kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili.